Foleni ya Vichwa

Nimeogesha wazee wa nchi za watu kwa miaka mingi, wazee wenye majumba ya marumaru na watoto wasiokuja kuwaona, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia niondoe mkono wangu. Wengine walilia zamu yangu ilipoisha. Mmoja alikuwa hanywi supu mpaka aione sura yangu mlangoni. Baba yangu mwenyewe, siku niliyomtoa hospitali na kumleta kwangu Kitengela, aliniambia niondoe mkono kabla hata hajashuka kwenye gari.

"Niache," alisema. Kiharusi kilikuwa kimempeleka mdomo upande, kwa hiyo neno lilitoka limelegea, lakini nililisikia vizuri.

"Papa, ukishuka peke yako utaanguka."

"Basi nianguke."

Akaanguka. Hakuanguka vibaya. Aliteleza tu kutoka kwenye kiti cha gari akakalia changarawe ya uani kwangu kama mtu aliyeamua kupumzika hapo, mguu wa kulia umenyooka mbele yake, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushikilie kidogo. Mama alisimama upande mmoja na mfuko wa dawa. Mimi nilisimama upande wa pili na mafunzo yangu yote. Tukamtazama.

Aliyemwinua ni mpangaji wangu wa chumba cha kwanza, dereva mstaafu kutoka upande wa Kakamega, mtu mnene mwenye sauti ya kuita abiria. Alikuja na kandambili, akampitisha mikono kwapani kwa njia ambayo mwalimu wangu angemfelisha papo hapo, akamsimamisha.

"Mzee, uko mzito kama gunia ya mahindi yenye imenyeshewa."

"Na wewe unashika mtu kama kuku," baba akamjibu. Lakini hakumwambia aondoe mkono.

Naomba nieleze nyumba hiyo, kwa sababu niliijenga mwenyewe. Ni ya mawe, mawe ya machimbo ya hapa hapa, na nilichagua kila lori lililoingia. Nyuma yake kuna ploti ya vyumba vya kupangisha, vyenye maji ndani. Niliondoka Kajiado na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Nilirudi na diploma ya utunzaji wa wazee na wagonjwa, niliyoisomea huko huko Ghuba, Arabuni, jioni baada ya zamu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Imetundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo anayekunywa chai hawezi kuikwepa. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ieleweke kwamba katika ukoo wetu wote, kama kiharusi kilikuwa na akili ya kuchagua kimpige baba wa nani, kilichagua vizuri.

Tatizo ni kwamba mimi ni binti yake. Kwetu Wamaasai binti hashiki mwili wa baba yake. Hamwogeshi, hamvalishi, hamshiki kiunoni kumpeleka chooni. Si kwamba baba ni mtu wa chuki. Ni heshima, enkanyit, na alinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo, kwa hiyo sikuweza kusema sijui. Nilichosema ni kwamba hospitalini aliogeshwa na wauguzi wasichana, wengine wadogo kuliko mimi.

"Hao si watoto wangu," alisema.

"Lakini hawana diploma ya wazee, papa. Mimi ninayo."

"Basi tafuta mzee uoshe."

Siku iliyofuata nilivaa yunifomu yangu ya Ghuba, ile ya kijani, nikafunika nywele, nikavaa barakoa na glavu. Nilifikiri kwamba kama shida ni binti, basi binti abaki jikoni na aingie muuguzi. Nikabisha mlango, nikaingia na beseni, nikasema kwa Kiingereza cha kazini kwamba ni wakati wa kuoga. Baba hakuinua macho usoni pangu. Alitazama sakafu kwa muda, kisha akamwita mama.

"Mwambie huyu daktari," alisema, "hiyo miguu naijua. Ilikuwa ikinikanyagia ndama."

Mama alicheka mpaka akaketi kitandani. Mimi sikucheka. Nilivua glavu moja moja, nikaenda kumwaga maji kwenye maua.

Ikawa hivi: asubuhi na jioni mpangaji anakuja, anamwinua, anamketisha bafuni, mama anamwogesha, na mimi ninasimama nje ya mlango nikitoa maelekezo kwa sauti. Mguu wa kulia kwanza. Msimvute mkono uliolegea. Kausha katikati ya vidole. Kutoka ndani nilikuwa nasikia mpangaji akiuliza, "Anasemaje huyo Mama Ploti?" na baba akimjibu, "Anaimba."

Mguu ulianza kurudi. Mdomo pia ulirudi mahali pake taratibu, ingawa neno refu bado lilimkwama. Mkono ndio uliokataa. Nilimleta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana kutoka kliniki ya mjini, naye akamshika bega, akalizungusha, akalibonyeza, na baba akatulia kama ndama anayelambwa. Nilitazama haya yote nikiwa nimekunja mikono. Alipomaliza alinivuta kando akaniambia jambo nililokuwa ninalijua tayari: bega lisiloinuliwa na mwenyewe mara nyingi kila siku hukauka, na likikauka halifunguki tena. Mkono huo ndio wa kushika fimbo. Bila fimbo, kwenye ardhi yetu ya mawe na mashimo, ataanguka, na safari hiyo hatakalia changarawe.

Nilifunga kamba juu ya mlango ili auvute mkono uliolala kwa mkono mzima. Akasema kamba ni ya kufungia ndama. Nilimnunulia mpira laini wa kufinya. Akaugawa kwa watoto wa ploti, na jioni hiyo niliukuta kwenye mtaro. Nilimwambia ajaribu kutambaza vidole ukutani kwenda juu, akauliza kama ukuta umekosa wa kuufuta vumbi. Kila siku alikaa barazani, mkono wa kulia umefichwa chini ya shuka, akitazama barabara ya Namanga kwa mbali na malori yake kana kwamba kuna lori moja alilokuwa akilisubiri.

Kulikuwa na kitu alichokuwa akikisubiri kweli. Ndugu yangu mdogo alikuwa ameondoka na ng'ombe wakati wa kiangazi, akawapeleka upande wa Kimana kutafuta majani. Alipiga simu karibu kila jioni na habari zake zilikuwa zile zile: majani ni machache, ng'ombe mmoja ameingia shamba la vitunguu la mtu, wenye nyanya wamemtukana. Mvua ikinyesha kwetu atarudi nao. Na ng'ombe wakirudi kutoka malisho ya mbali, baba husimama kwenye geti la boma na kila mmoja anapita mbele yake. Hawahesabu, kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Anawatazama tu, na akimaliza anajua. Bila hivyo, alikuwa akituambia tukiwa watoto, ng'ombe wamefika lakini hawajarudi.

"Nataka kwenda nyumbani," alisema siku moja. "Mvua inakaribia."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. "Sawa. Siku mkono utakapopanda juu ya bega, nitakupeleka mwenyewe, kwa gari langu. Kabla ya hapo hapana. Tumekubaliana?"

Akatazama barabara.

"Papa, tumekubaliana?"

Akanyamaza. Nikachukulia kwamba tumekubaliana.

Lililofuata nililiona kwa macho yangu, na wazo lilikuwa langu, wala mtu asije kusema vinginevyo. Mama alikuwa amewafundisha watoto wa wapangaji kuamkia wazee kwa njia ya kwetu: mtoto anakuja, anainamisha kichwa, mzee anakiwekea mkono juu. Watoto hao ni wa Kakamega, wa Machakos, wa kila mahali, na waliupenda mchezo huo. Alasiri moja mjukuu wa yule dereva, msichana mdogo wa chekechea, alirudi kutoka shule akapanda barazani na kuinamisha kichwa mbele ya magoti ya baba.

Baba alikuwa akiwakwepa watoto tangu aumwe. Akiwaona wanakuja anafumba macho. Huyu hakumwona mpaka alipofika. Mkono wa kushoto hauwekwi juu ya kichwa cha mtoto, na wa kulia ulikuwa chini ya shuka. Mtoto wa kwetu angeona mzee ana shida akaondoka. Huyu hakujua. Alibaki ameinama, begi la shule limempanda shingoni, akisubiri. Na kichwa cha mtoto kilichoinamishwa hakiachwi hivyo hivyo. Kukiacha ni kama kumwambia humtakii mema.

Nilikuwa dirishani. Nilimwona baba akitoa mkono wake wa kulia kwa kuubeba na wa kushoto, akauburuta juu ya goti, na mwisho, pale kwenye shibiri ya mwisho, aliuachia. Ule mkono ukapanda wenyewe. Vidole vikafunguka. Ukakaa juu ya zile nywele zilizosukwa, na baba akatema pumzi kama aliyebeba mtungi.

Usiku ule ule ningekuwa Ghuba ningeandika ripoti. Hapa niliagiza mandazi.

Kesho yake nilisimama kwenye lango la ploti watoto wakitoka shule, nikawaambia kila atakayemwamkia mzee vizuri atapata andazi. Nikawapanga kwa urefu. Hii ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma na asiyesoma: wa chekechea mbele, kisha darasa la kwanza, kisha wakubwa, hadi msichana mmoja mrefu mwembamba wa sekondari ya chini aliyekuwa akiona aibu lakini alipenda mandazi. Mkono uanze chini, upande kidogo kidogo. Kamba ya mlangoni haina kichwa cha mtoto kinachosubiri. Hii ilikuwa nayo.

Baba aliwatazama wakija, mmoja nyuma ya mwingine kutoka kwenye kona ya nyumba.

"Hawa ni watoto wa nani?"

"Wa ploti, papa."

"Wote?"

"Na rafiki zao. Wanataka baraka."

"Wanataka mandazi," alisema. "Umewapanga kama mbuzi wa josho."

"Kichwa kiko mbele yako."

Kilikuwa mbele yake. Alinitazama kwa macho ambayo zamani yangenifanya nikimbilie kwa shangazi, kisha akatoa mkono chini ya shuka. Wa kwanza, wa pili. Wa tatu alimfanya atoe jasho. Kwa wale warefu mkono ulifika shavuni, na mtoto akajiongezea kuinama mwenyewe ili amalize salamu akachukue andazi. Nilikuwa nawakemea: usiiname sana wewe, simama, acha mzee akufuate. Mpangaji alikuja na kikombe chake cha chai kutazama.

"Hata mimi nipange laini?"

"Wewe uko na mvi," baba alisema. "Nenda ukapange na kuku zako."

Iliendelea hivyo alasiri baada ya alasiri. Alilalamika kila siku, na hakukataa kichwa hata kimoja. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikipima kwa jicho. Alipita chekechea, akapita darasa la kwanza. Ukafika wakati alimfikia hata yule mrefu wa sekondari, mkono ukitetemeka, karibu na usawa wa kifua chake. Hapo ukagoma. Hakukuwa na mtoto mwingine mrefu zaidi katika ploti yote, na bega lilitaka kupanda bado.

Nilijitazama kwenye kioo cha sebuleni. Mimi ni mrefu. Nilipata urefu kwake.

Tangu nirudi kutoka Ghuba nilikuwa nikimpa baba mkono, kama wanaume wanavyosalimiana. Sikuona haja ya kuinamisha kichwa kama msichana anayetumwa maji. Lakini kazi ni kazi. Jumapili baada ya kanisa, foleni ilipoisha, nikasimama mwisho wake. Nikaenda mbele ya kiti, nikainamisha kichwa kidogo tu, kidevu kikagusa mkufu. Nilikuwa nimepima: ili akifikie angelazimika kuinua mkono juu ya bega kabisa.

Hakuna kilichotokea.

"Hicho si kichwa cha salamu," alisema. "Hiyo ni rafu."

"Papa, inua tu."

"Ukiinama, inama."

"Nikiinama mpaka chini hutauinua."

"Kwa hiyo hutaki baraka. Unataka kipimo."

"Ndiyo, nataka kipimo. Nani mwingine hapa anakijua kipimo?"

Watoto walikuwa wamesimama na mandazi yao mdomoni. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alisema kwa Kimaa, bila kuinua uso, kwamba aliolewa na mtu mmoja na kwa bahati mbaya akamzaa tena. Nilibaki vile, shingo nusu, mpaka ikaanza kuuma. Baba aliugeuza uso akatazama malori. Kama ningeinama shibiri moja zaidi angeniwekea mkono, nilijua. Yeye pia alijua kwamba najua. Mwisho nilinyooka nikaingia ndani, na nikasikia akimwambia mpangaji, "Hii kichwa ilienda Ulaya ikapotelea huko."

"Si Ulaya, mzee. Ni Arabuni."

"Ni mbali tu."

Siku iliyofuata hakutoka chumbani kuja barazani. Watoto wakaja wakapanga foleni mbele ya kiti kitupu. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilikwenda hadi mlangoni kwake nikamwambia kwamba bega linakauka, kwamba kila siku anayokaa kitandani anaitupa kazi ya majuma mazima, kazi yake na yangu. Alisema amechoka kuwa mashine ya kupima watoto. Nilienda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jioni hiyo ndugu yangu akapiga simu. Mama aliiweka kwenye spika, kwa hiyo sote tulisikia. Mvua imenyesha upande wa Kajiado, majani yameanza. Wako njiani siku kadhaa sasa. Kesho kutwa jioni watafika bomani.

Nilimtazama baba. Alikuwa akitafuta fimbo yake kwa macho.

Mchana wa siku ya ng'ombe kufika nilitoka kwenda kufungua geti nikamkuta ameketi nje yake, kwenye jiwe, ameoga, ana shuka nyekundu mpya, fimbo ameishika kwa mkono wa kushoto. Mama alikuwa kando yake na mfuko wa dawa ule ule. Nyuma yao mpangaji alisimama akiwa amevaa suti.

"Nani amemtoa huyu nje?"

"Mama Ploti, nielewe," mpangaji alisema. "Nikikataa mzee atanilaani. Nikikubali wewe utanifukuza. Nimeonelea afadhali kufukuzwa."

Nikamgeukia baba. "Mkono haujafika juu ya bega. Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na nani?"

"Na wewe, papa."

"Mimi nilinyamaza."

Na ni kweli alinyamaza. Nilikuwepo. Niliingia ndani kuchukua ufunguo wa gari, na kwa sababu nilitaka mtu ajue nilivyokasirika, nilifunga mlango kwa nguvu hadi diploma ikakaa upande ukutani.

Tulikwenda wanne: baba na mama nyuma, mpangaji mbele kwa sababu ndiye winchi yetu. Njia nzima nilitoa maelekezo. Asisimame muda mrefu. Akichoka aseme. Asijaribu kuinama. Tulipopita Isinya majani yalianza kuonekana kando ya barabara, membamba, kijani cha kwanza, na kwenye kioo nilimwona baba akitikisa kichwa taratibu kila tulipopita ng'ombe wa watu.

Boma letu liko ndani kidogo baada ya mji wa Kajiado, njia ya mawe. Nilikuwa na mpango. Niliegesha gari karibu kabisa na geti la boma, kando ya ua wa miiba, ili baba asimame akiwa na boneti la kuegemea. Gari langu ni jeupe na nilikuwa nimeliosha. Mpangaji akamshusha, akamsimamisha getini, akakaa nyuma yake mikono imetanuka kama kipa. Viatu vyake vya suti vilikuwa tayari vimekanyaga kinyesi.

"Mzee, hii ndio town yenu?"

"Nyamaza, wanakuja."

Tulisikia kengele kwanza. Kisha vumbi kidogo, si la kiangazi, kisha vichwa. Walikuwa wamekonda lakini walikuwa wengi, na ndugu yangu nyuma yao akipiga mluzi. Baba alijinyoosha. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya shuka mahali pake pa kawaida. Nilisimama karibu na gari nikimtazama bega, kwa sababu hilo ndilo nililojua kutazama.

Ng'ombe wa mbele, jike mwekundu mzee ambaye huongoza wengine, alifika hatua chache kutoka getini akaliona gari. Lilikuwa liking'aa kwa jua la jioni. Akasimama. Akapuliza pua. Wa nyuma wakamgonga, wakatanuka pembeni, mmoja akageuka kabisa kurudi alikotoka, na wengine wawili wakamfuata. Ndugu yangu akaanza kupiga kelele huku akikimbia. Kundi lote lilikuwa linakaribia kumwagika porini mbele ya macho ya baba.

"Toa hicho kitu!"

Neno lilitoka limenyooka, zima, kama la zamani. Nikageuka. Baba alikuwa ameinua mkono. Wa kulia. Shuka ilikuwa imeteleza begani, na mkono ulikuwa juu, umepita bega, umepita sikio, vidole vimefunguka, ukinifukuza mimi na gari langu kama mtu anavyofukuza mbwa kwenye nyama.

Sikuweza kusogea. Nilikuwa ninapima.

"Papa," nilisema, "mkono."

"Gari!"

"Papa, mkono wako."

"Gari, nakerai, gari! Wewe ni kiziwi?"

Nakerai, yaani mtoto. Niliingia ndani ya gari, nikarudi nyuma kwa kasi bila kutazama, na nikasikia ua wa miiba ukilikwaruza upande mzima wa kushoto, kutoka taa hadi taa. Jike mwekundu akasubiri mpaka nilipotulia. Kisha akapita getini, taratibu, mbele ya baba, na wengine wakamfuata.

Mkono haukushuka mara moja. Ulibaki hewani, ukashuka kidogo, na kila ng'ombe alipopita ulipanda tena kidogo, kama unaowafungulia njia. Mpangaji nyuma yake alikuwa ameshusha mikono yake mwenyewe, anatazama mdomo wazi. Wa mwisho alipoingia, baba akamwambia ndugu yangu, "Yule wa baka usoni hayupo."

"Amezaa jana, papa. Niliwaacha kwa jirani pale mtoni, ndama hawezi kutembea bado."

"Jike ama dume?"

"Jike."

"Sawa," baba alisema. "Wamerudi." Na akaomba kiti.

Hakuna aliyeniuliza kama baba anabaki bomani. Ilikuwa imeamuliwa mahali fulani nisipokuwepo. Nilimweleza ndugu yangu kuhusu dawa za presha, nikamwonyesha jinsi ya kumwinua, nikamwambia aondoe yale mawe yote kati ya nyumba na boma kabla ya kesho. Akaniitikia, "Sawa daktari, sawa daktari," hadi nikamwambia anyamaze. Mama alikuwa tayari amewasha moto. Nilizunguka gari nikapitisha kidole kwenye mkwaruzo, halafu nikaenda kuaga.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, akisikiliza ng'ombe wakilala. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa na kitu cha kupima tena. Nikaenda mbele yake nikainamisha kichwa vizuri, mpaka chini, kama nilivyofundishwa, kichwa karibu na magoti yake, nikasubiri.

Mkono haukuja.

"Sasa umekuwa mfupi kwa nini?" aliuliza.

"Papa, si ulisema nikiinama niiname?"

"Panda."

Nikapanda kidogo.

"Bado."

"Papa, jua limeisha na nina safari."

"Panda, nimesema."

Nikapanda mpaka nikawa karibu nimesimama wima, kidevu tu kimeshuka, kama ile siku ya rafu. Ndipo ulipokuja. Ulipanda polepole, ukitetemeka, ukapita macho yangu. Ulitua nusu kwenye kipaji, nusu kwenye nywele, ukanisukuma miwani upande. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia.

"Takwenya," alisema, salamu anayopewa mwanamke kwetu.

"Iko," nikajibu.

Akauacha pale kitambo, labda kwa kuonyesha kwamba anaweza. Halafu akaniambia kwamba nikija Jumamosi nisilete gari mpaka kwenye geti, niliegeshe kule barabarani nitembee.

Nikamwambia gari ni langu. Akasema geti ni lake.